Namna ya Kufundisha Historia ya Biashara ya Utumwa ya Afrika Mashariki Bila Kumsahau Aliyeuzwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa historia, kiongozi wa kikundi cha vijana au mzazi anayetaka kulieleza somo la biashara ya utumwa na hataki kulimaliza kwa kukariri tarehe za mikataba na majina ya masultani. Mara nyingi somo hili hufundishwa kwa namna inayowapa nafasi wafanyabiashara, wamisionari na makonseli (wawakilishi wa serikali za kigeni), huku wale waliouzwa wakibaki kundi lisilo na majina wala sauti. Pendekezo langu ni moja, nalo ndilo linaloongoza hatua zote zinazofuata: katika kila kipindi, mbele ya kila hati na katika kila mahali mtakapotembelea, mwanafunzi aulize kwanza ni nani aliyeuzwa, kisha aulize kazi ya mtu huyo ilitakiwa na nani na kwa ajili ya bidhaa gani.

Kutenganisha mambo yanayochanganywa

Kabla ya kufungua ramani, eleza tofauti kati ya utumwa na biashara ya utumwa, kwa sababu wanafunzi wengi huyachukua mambo hayo kuwa kitu kimoja. Utumwa ni hali ambayo mtu anahesabiwa kuwa mali ya mwingine, anaweza kuuzwa, kurithiwa au kutolewa zawadi, na amekatwa na ukoo wake kiasi kwamba hakuna ndugu atakayekuja kumdai. Biashara ya utumwa ni mfumo mzima uliowaingiza watu katika hali hiyo kwa wingi: vita, utekaji na madeni huko walikotolewa, misafara, mikopo, bandari na vyombo vya bahari njiani, na mwishoni mnunuzi mwenye shamba, nyumba au merikebu inayohitaji wafanyakazi. Utumwa ulikuwapo katika jamii nyingi za dunia tangu zamani, na pwani yetu haikuwa na tofauti. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba sultani wa mji huo alikuwa akizivamia nchi za jirani na kuchukua ngawira. Lakini yaliyotokea katika karne ya 18 na ya 19 yalikuwa na ukubwa wa aina nyingine, kwa kuwa mahitaji ya wafanyakazi yalipanda kwa wakati mmoja katika visiwa vya Bahari ya Hindi, katika Brazili, katika Uarabuni na katika mashamba ya pwani yenyewe.

Eleza pia kwamba si kila aliyetembea na msafara alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa njia ya kati, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliopatana masharti kabla ya kuondoka na waliokuwa tayari kutua mizigo na kuondoka zao wasipotendewa haki. Mwanafunzi aliyezoea kuona kila picha ya msafara kama picha ya watumwa anahitaji kulisikia hili mapema, maana bila hilo atashindwa kuielewa historia ya kazi katika Tanganyika nzima.

Mwisho, waonyeshe kwamba hata miongoni mwa watumwa wa pwani hali zilitofautiana. Aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye watu wa pwani walimwita mjinga, hakuwa na nafasi sawa na mzalia aliyezaliwa pwani na kukulia katika lugha na dini ya hapo. Kibarua wa mjini alikodishwa kwa kazi ya siku, akampelekea bwana wake sehemu ya ujira na kubaki na kidogo. Mtumwa wa shamba la karafuu kwa kawaida alipewa kipande cha ardhi na siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Ijumaa, za kujilimia chakula chake. Suria aliishi ndani ya nyumba ya bwana, na mtoto aliyemzalia, akikubaliwa na baba yake, alikuwa huru na mwenye haki ya kurithi. Usiyataje haya kama ushahidi kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole. Yataje ili mwanafunzi aelewe ni vitu gani watu hawa walivipigania kila siku: kipande cha ardhi, siku ya mapumziko, haki ya kuoa na kuolewa, haki ya kutotenganishwa na mtoto.

Kuchora ramani ya bidhaa

Ramani za vitabu vya shule huwa na mishale inayotoka bara kwenda pwani, nayo haionyeshi sababu ya watu kuchukuliwa. Waambie wanafunzi wachore ramani nyingine, na penye kila mwisho wa mshale waandike bidhaa iliyohitaji wafanyakazi.

Anzeni na sukari. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, mkataba ambao ulikusudiwa kudumu kwa miaka 100, ili wapelekwe katika mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Kutoka pwani ya Msumbiji merikebu za Wareno na Wabrazili ziliwachukua watu wengi zaidi, wakizunguka rasi ya kusini hadi upande wa Atlantiki. Mwanafunzi akiliona hilo ataacha kudhani kwamba biashara ya Atlantiki ilihusu Afrika ya Magharibi peke yake: zaidi ya watu 500,000 walipakiwa kutoka kusini mashariki mwa Afrika kuelekea Amerika.

Kisha andikeni karafuu. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa hivyohivyo vya Wafaransa, na Seyyid Said, mtawala wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, aliipanda katika mashamba yake mwenyewe na kuwahimiza wengine waipande. Karafuu huchumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, na ikichelewa kuchumwa thamani yake hupotea. Kwa hiyo kila ekari mpya ilidai watu wapya. Tangu hapo sehemu kubwa ya watu waliofikishwa pwani hawakuvushwa bahari ya mbali, bali walibaki Unguja na Pemba, na wengine katika mashamba ya nafaka ya Malindi, ambako mtama na ufuta vililimwa kwa ajili ya kuuzwa Uarabuni. Waliovushwa hadi Omani na Ghuba walifanya kazi katika mashamba ya mitende, katika kuzamia lulu, katika vyombo vya bahari na majumbani, na wajukuu wao wapo huko hadi leo.

Bidhaa ambayo ningependa mwalimu akae nayo muda mrefu kuliko zote ni merikani. Tafuta kipande cha nguo hiyo nyeupe isiyotiwa rangi, ukipitishe darasani, kila mtoto akishike, kisha mfuate pamoja safari yake. Pamba yake ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa katika merikebu za wafanyabiashara wa mji wa Salem, ikashushwa Unguja chini ya mkataba wa biashara ambao Marekani na Seyyid Said waliufunga mwaka 1833, ikafungwa mitumba na kupandishwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na huko ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Pembe zilirudi Marekani na kuchongwa vibao vya piano katika miji midogo ya Connecticut. Nchini kwetu merikani ikawa vazi la mtumwa mwenyewe, na ndiyo maana baada ya kufutwa kwa utumwa wanawake wengi wa Unguja waliiacha, wakavaa kanga za rangi ili mavazi yao yaseme kwamba hali yao imebadilika. Sijaona njia nyingine inayomwonyesha mwanafunzi kwa urahisi kama huu kwamba mtumwa wa Mississippi na mtumwa wa Pemba walifungwa katika biashara moja.

Juu ya ramani hiyo ndipo mziweke njia tatu kuu: ya kusini kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje, ya kati kutoka Manyema (mashariki mwa Kongo ya leo) na Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na ya kaskazini iliyoishia Pangani na Mombasa. Njia ya kati ndiyo iliyokipeleka Kiswahili hadi Kasongo na Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na wasomaji wetu wa Kongo wanaijua sehemu hiyo ya historia kwa upande wake mchungu: tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliufyatulia risasi umati uliokuwa sokoni Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao, waliuawa au walizama mtoni Lualaba. Mmisionari na msafiri David Livingstone alikuwapo, akaandika alichokiona, na habari hiyo ilipofika London ilichochea hasira iliyozaa mkataba wa 1873 wa kukataza kusafirisha watumwa baharini.

Kumfuata mtu mmoja

Baada ya ramani, liache kundi na umchukue mtu mmoja. Mimi humpendekeza Swema, binti wa Kiyao aliyetoka mashariki mwa Ziwa Nyasa na ambaye simulizi lake liliandikwa na wamisionari Wakatoliki katika miaka ya 1860. Familia yake ilipatwa na maafa mfululizo, baba akafa, na mama akakopa nafaka ili watoto waishi. Deni liliposhindikana kulipwa, mdai alimchukua Swema na kumuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka pwani. Mama hakukubali kuachana naye. Alijitolea kubeba pembe ya ndovu ili aruhusiwe kufuatana na msafara, akatembea hivyo hadi nguvu zikamwisha na akaachwa njiani. Swema alipofika Unguja alikuwa mahututi, na waliokuwa naye walimhesabu kuwa amekwisha. Walimzungushia mkeka, wakampeleka makaburini na kumfukia mchangani akiwa bado hai. Kijana mmoja mwenye asili ya Réunion alisikia sauti, akamfukua, na akampeleka kwa watawa waliomuuguza.

Msomeni Swema taratibu, kisha uliza maswali. Mambo gani yalimfikisha hapo? Hapakuwa na vita wala bunduki katika kuuzwa kwake. Palikuwa na njaa, deni, mjane asiye na ndugu wa kumtetea, na mdai aliyejua kwamba msafara uko karibu na unalipa. Desturi ya kumweka mtu rehani kwa ajili ya deni ilikuwapo tangu zamani, na kwa kawaida aliyewekwa rehani alirudi kwao deni likilipwa. Soko la pwani liliibadilisha desturi hiyo, maana mtu aliyekuwa dhamana akawa bidhaa inayoweza kupelekwa mbali asirudi tena. Hapa mwanafunzi anaona jinsi mahitaji ya shamba la karafuu yalivyoingia ndani ya kibanda cha mjane aliyekuwa mwendo wa wiki nyingi kutoka baharini.

Halafu uliza ni nani aliyeandika. Maneno ya Swema yalitafsiriwa na kuandikwa kwa Kifaransa na watu waliokuwa wakichangisha fedha Ulaya kwa ajili ya misheni yao, na wasomaji wao walipenda simulizi inayoishia katika ubatizo. Mfundishe mwanafunzi kutambua sehemu zinazoonekana kupambwa kwa ajili ya wasomaji hao, na sehemu ambazo mwandishi hakuwa na sababu ya kuzibuni, kama vile mkopo wa nafaka na pembe aliyoibeba mama. Hati yenye kasoro haitupwi. Inasomwa kwa makini zaidi.

Ili kulinganisha, waletee maandishi mengine mawili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa maarufu kama Tippu Tip, aliacha simulizi la maisha yake kwa Kiswahili, naye anaeleza kwa kirefu vita vyake, madeni yake kwa tajiri Taria Topan na uzito wa pembe alizozipata, huku watu waliotekwa wakitajwa kwa kupita tu. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyeolewa Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na ndani yake aliutetea utumwa wa Unguja, ingawa mama yake mwenyewe alikuwa suria aliyetolewa Cherkesi, katika milima ya Kaukasi, akiwa mtoto. Mwanafunzi akiweka maandishi haya matatu mezani ataona kwamba ukimya nao ni ushahidi: mwenye biashara hataji majina ya waliouzwa kwa sababu kwake yeye hayakuwa na kazi.

Takwimu

Hapa usikae sana, lakini usipite bila kuonya. Kwa biashara ya Atlantiki watafiti wamekusanya kumbukumbu za safari za merikebu na kukadiria kwamba watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kati ya karne ya 16 na ya 19, na kwamba karibu milioni 1.8 kati yao walifia baharini. Majahazi ya Bahari ya Hindi hayakuacha daftari za namna hiyo, na makadirio ya kwetu yanategemea ripoti za forodha na za makonseli, ambao baadhi yao walikuwa na sababu za kukuza hesabu na wengine za kuipunguza. Mwanafunzi akikuletea takwimu kubwa ya duara aliyoiona mahali fulani, mwulize ni nani aliyehesabu, wapi, na katika mwaka gani. Mkumbushe pia kwamba hakuna forodha iliyowahesabu waliokufa vitani au njiani, wala vijiji vilivyohama.

Kusoma mikataba kwa kuuliza nani ameachwa nje

Mikataba ndiyo sehemu ya somo inayokaririwa zaidi na kueleweka kidogo. Badala ya kuiandika ubaoni kama ngazi za kuelekea uhuru, chukua kila mmoja na uliza ulimwacha nani. Mkataba wa 1822 kati ya Nahodha Moresby wa Uingereza na Seyyid Said ulikataza kuwauzia Wakristo watumwa, ukayaacha masoko ya Waislamu yaendelee. Mkataba wa 1845, uliofungwa na Konseli Hamerton wa Uingereza na kuanza kazi mwaka 1847, ulizuia kuwapeleka watumwa Uarabuni, ukaruhusu wasafirishwe kati ya bandari za pwani za Sultani mwenyewe, yaani kutoka Kilwa hadi Unguja, Pemba na Lamu. Mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, ulikataza usafirishaji wote wa baharini na kulifunga soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja. Lakini waliokuwa tayari watumwa walibaki watumwa. Dhoruba ya mwaka 1872 ilikuwa imeiangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, mashamba ya Pemba yakapanuka haraka, na wafanyabiashara waliozuiwa baharini wakawatembeza watu kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini hadi walipoweza kuwavusha kwa siri. Ndiyo sababu Barghash alilazimika kutoa amri nyingine mwaka 1876 za kuizuia misafara ya nchi kavu.

Amri ya 1897 ya kufuta utumwa Unguja na Pemba inahitaji kusomwa kwa makini kuliko zote. Mtumwa hakuachwa huru siku ile kwa nguvu ya amri. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe mahali atakapoishi na njia atakayojipatia riziki, la sivyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Fidia ililipwa kwa mwenye mtumwa, kama Bunge la Uingereza lilivyofanya mwaka 1833 lilipotenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa wa makoloni yake bila kumpa chochote aliyetumikishwa. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilingoja hadi 1907. Katika Tanganyika Wajerumani walitamka kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, lakini hawakuufuta utumwa wenyewe. Ulifutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922, yaani ndani ya maisha ya watu ambao babu zetu waliwajua.

Upande wa Kongo, mwonyeshe mwanafunzi jinsi kauli ya kupinga utumwa ilivyotumika kufungua mlango wa mateso mengine. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyejitangaza kuwa adui wa biashara hiyo, alimteua Tippu Tip kuwa gavana wake wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) mwaka 1887. Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kutoka Manyema, na wananchi walewale wakaingizwa katika kazi ya lazima ya kugema mpira chini ya askari wa Leopold.

Kuwarudishia watumwa matendo yao

Mwanafunzi asitoke darasani akiamini kwamba uhuru uliletwa na meli za Waingereza pekee. Watumwa walitoroka muda wote. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na wengine walikimbilia Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, walikopewa ulinzi. Wazigua waliopelekwa Somalia wakati wa njaa ya karne ya 19 walitoroka kutoka mashambani na kujenga makazi katika misitu ya Mto Juba, ambako waliilinda lugha yao ya Kizigua kwa vizazi kadhaa. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991 baadhi yao walirudi hadi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wao uraia, na wengine kwa maelfu wakahamia Marekani. Huko Rabai, karibu na Mombasa, watoro walijichanganya na watu wa misheni hata Kampuni ya Kiingereza ikalazimika kuwalipa mabwana ili watu zaidi ya 1,400 watambuliwe kuwa huru mwanzoni mwa mwaka 1889. Na mwanamuziki maarufu kuliko wote wa Unguja wa zama zile, Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwa, alifika Bombay mwaka 1928 na kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili.

Kuwapeleka wanafunzi Mkunazini au Bagamoyo

Kabla ya kuondoka, wape wanafunzi maswali yaliyoandikwa, na uwaeleze kwamba waongozaji wa wageni husimulia mambo mengi ya kweli na mengine ambayo wanahistoria wanayajadili. Kule Mkunazini, Kanisa Kuu la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko, chini ya Askofu Steere. Nje yake ipo sanamu ya watu watano waliosimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Vipo pia vyumba vya chini ambavyo wageni huambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo, wakati baadhi ya wanahistoria wa Zanzibar wanaeleza kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo, pamoja na vyumba vyenyewe, lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Usiwaache wanafunzi wamcheke mwongozaji, wala usiufute uchungu waliouhisi walipoinama kuingia humo. Waulize: ushahidi gani ungetusaidia kuamua? Kwa nini mji unahitaji mahali pa kuonyesha? Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi, na uwanja wa wazi hauachi ukuta wa kugusa.

Bagamoyo, Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa. Waonyeshe wanafunzi kijiji hicho bila kukipamba, kwa kuwa waliokombolewa walifanya kazi katika mashamba ya misheni kwa ratiba kali, na hata ndoa zao zilipangwa na mapadri. Kwa walio Mombasa, kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, pale Kengeleni inatosha kuanzishia mazungumzo. Kwa wanafunzi wa kidato cha juu, omba ruhusa ya kutembelea Nyaraka za Taifa za Zanzibar zilizopo Kilimani, ambako zimehifadhiwa kumbukumbu za makonseli na za utawala wa wakati ule.

Kuwauliza wazee

Hii ndiyo hatua yenye hatari zaidi na yenye faida kubwa zaidi, na kwa maoni yangu isifanywe na mwanafunzi ambaye hajapitia hatua zilizotangulia. Katika sehemu nyingi za pwani asili ya utumwa bado ni aibu inayotajwa kwa kunong'ona, hasa wakati wa posa, na swali moja baya linaweza kuvunja heshima ya nyumba. Mtu asiulizwe kamwe kama ukoo wake walikuwa watumwa. Mwanafunzi aende na mtu anayefahamika nyumbani hapo, aamkie kwa shikamoo, akae anapokaribishwa, na aanze kwa maisha ya mzee mwenyewe: "Bibi, ulizaliwa shamba gani? Babu zako walikuja lini hapa, na walitokea upande gani? Walilima nini, na ardhi ilikuwa ya nani? Ngoma gani zilichezwa hapa ulipokuwa mdogo?" Majibu ya maswali hayo, kwa mfano kwamba babu alikuwa Mnyasa au Mmanyema na alikuta mashamba ya karafuu yamekwisha pandwa, yatabeba mengi bila mtu kulazimishwa kujiaibisha.

Mzee akinyamaza, mwanafunzi anyamaze naye, kisha abadilishe mazungumzo. Simu isirekodi bila ruhusa, na ruhusa ya kurekodi si ruhusa ya kusambaza. Jina la mzee, la mtaa na la ukoo yabaki katika daftari la mwalimu, na darasani litumike jina la kupanga.

Lawama

Swali la nani alaumiwe litakuja, na darasani kwako huenda wamo watoto wa asili ya Omani, ya Kihindi, ya Kiyao na ya Kinyamwezi, pamoja na wajukuu wa waliouzwa ambao hawajui kwamba ni wajukuu wao. Katika visiwa vya Zanzibar kumbukumbu hii imetumiwa pia katika siasa, kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwalimu anayejifanya halijui hilo hatawasaidia wanafunzi wake. Njia nzuri ni kuwataja wahusika kwa kazi zao. Walikuwapo machifu na majemadari wa bara walioteka na kuuza; wafanyabiashara wa Kiyao, Kiswahili na Kiarabu walioongoza misafara; matajiri wa Kihindi waliotoa mikopo, na kampuni ya Jairam Shivji iliyokodi ushuru wa forodha ya Unguja; wenye mashamba wa Omani na wa pwani; wanunuzi wa Kifaransa, Kireno na Kibrazili; na wanunuzi wa karafuu na pembe wa London, Bombay na Salem, ambao hawakuhitaji kumgusa mtumwa ili wapate faida. Kuwataja wote hakupunguzi dhambi ya yeyote kati yao. Uislamu ulikataza kumfanya Mwislamu huru mtumwa na ulihimiza kuacha watu huru, nao Ukristo ulihubiri undugu wa watu wote. Wafuasi wa dini zote mbili walinunua na kuuza, na mtoto anapaswa kuyasikia mambo yote mawili katika kipindi kimoja.

Kazi ya kuandika

Mwishoni mwa somo usitoe mtihani wa tarehe. Mpe kila mwanafunzi kazi ya kurasa mbili kuhusu mtu mmoja aliyeuzwa, awe ametajwa katika hati kama Swema au awe ameelezwa na mzee kwa jina la kupanga. Katika kurasa hizo aeleze mtu huyo alitokea wapi, ni jambo gani lililomtoa kwao, alipita njia ipi, alipelekwa kufanya kazi gani na kwa ajili ya bidhaa ipi, na ni mambo gani aliyoyafanya mwenyewe katika hali hiyo. Penye kila taarifa aandike ameipata wapi, na penye pengo aliache pengo, asilijaze kwa kubuni. Unaposahihisha, mpe alama nyingi aliyetenganisha anachokijua na anachokikisia, hata kama kurasa zake ni fupi, na umrudishie kazi yake aliyeandika kurasa nne juu ya Sultani na mstari mmoja juu ya aliyeuzwa.